Supu ya Mama wa Kipa

Shangazi yangu ni mtu wa hasira na hajawahi kulificha hilo. Bibi alikuwa akisema kwamba watoto wengine huzaliwa wakilia, lakini huyu wake alizaliwa akigomba, tena akimgombeza mkunga. Kazi yake ya wiki nzima ni kuchomelea vyuma: mageti, nondo za madirisha, vitanda na meza za chuma, katika karakana anayoiendesha pamoja na mdogo wake, ambaye ndiye baba yangu. Enzi zile, wiki ikiisha, alikuwa akivua ovaroli, anajisugua masizi mikononi mpaka ngozi inakuwa nyekundu, halafu anapakia kwenye begi jezi nyeusi, filimbi na viatu vya mpira, na kwenda kutafuta basi.

Alikuwa refa. Si refa wa viwanja vikubwa vyenye taa na majani. Alichezesha ligi ya wanaume ya daraja la chini, ile ya miji midogo, ambapo kiwanja kina mteremko, mbuzi wanakatiza katikati ya mchezo, na mashabiki wanakaa karibu na mstari kiasi kwamba ukipita unasikia harufu ya vitunguu walivyokula. Katika ligi ile mwanamke refa alikuwa yeye peke yake. Kila mji aliokwenda walimwimbia wimbo uleule: "Nenda kapike! Nenda kapike!" Wangejua. Shangazi hajui kupika hata chai. Nyumbani kwetu aliyeshika mwiko ni baba.

Lakini kula, anajua. Na kilichomfundisha kula ni hasira.

Kwa desturi ya ligi ile, timu mwenyeji ndiyo inayowalisha marefa. Chakula hicho kina lugha yake. Wakitaka uwabebe, wanakuwekea paja la kuku na soda baridi. Wakiona hubebi mtu, unaletewa wali uliopoa na shingo, na wakati mwingine hiyo shingo yenyewe imeshatafunwa. Shangazi alichukia vyote viwili sawasawa. "Nikila paja lao, wanaona nimekula na penalti yao," alikuwa akisema. "Nikila shingo, wamenitukana na mimi nimemeza." Basi akaacha kabisa kula chakula cha wenyeji. Akawa anafika mjini asubuhi mapema, begi begani, anazunguka na pua yake kutafuta mahali pa kula kabla mechi haijaanza. Ilikuwa lazima iwe kabla. Baada ya mechi, nusu ya mji huwa imekasirika, na huwezi kujua kama muuza chakula yuko nusu ipi.

Hivyo ndivyo alivyovigundua vyakula vyake. Kituo kimoja cha treni kilikuwa na mzee aliyefukia viazi vitamu kwenye mchanga wa moto, anavipasua kwa kidole gumba na kuvinyunyizia pilipili ya unga na limau. Mji mwingine kulikuwa na gereji ambayo fundi wake wa magurudumu alikuwa akivunja mayai ndani ya rojo la nyanya linalochemka, mafundi wote wanachovya mkate kwenye sufuria moja bila kunawa mafuta ya gari. Kuna safari mto ulifurika, akavushwa juu ya trela la trekta pamoja na magunia ya karanga, wakakwama katikati ya maji mpaka mchana, na dereva akawachemshia karanga zile na chumvi katika debe, juu ya jiko la mkaa lililokuwa likiyumba. Anasema hajala karanga tena tangu siku hiyo, kwa sababu nyingine zote zinamuudhi.

Akirudi alikuwa anatusimulia karakanani, barakoa ya kuchomelea ameisukuma juu ya kichwa, na hata kusifu alisifu kwa ukali. "Mtu ana mkono kama ule, halafu amejificha kwenye mji ambao hata barabara hauna! Ni uonevu! Nani kamruhusu?"

Safari ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mji wa kiwanda cha saruji. Ni mji uliofunikwa na vumbi jeupe, mabati meupe, majani meupe, hata kope za mbwa nyeupe. Timu ya kiwanda ilikuwa imebakiza mechi hiyo moja tu. Wakishinda wanapanda daraja, wakitoka sare wanapanda, wakifungwa wanabaki pale walipo. Mji mzima ulikuwa umeshapanda moyoni. Vitambaa vya rangi za timu vilifungwa kwenye nguzo za umeme, na gari la kuwazungushia wachezaji barabarani baada ya mechi lilikuwa limeshaoshwa.

Shangazi alishuka kwenye basi asubuhi na kunusa. Nyuma ya stendi, nje ya ua wa mabati, moshi mwembamba ulikuwa unapanda, nao haukuwa moshi wa mkaa mtupu. Akaufuata. Akakuta kibanda chenye benchi mbili, na mwanamke mnene, mikono mizito kama ya mpiga makasia, ameinamia chungu cheusi.

"Una nini, mama?"

"Nina supu. Ukitaka kingine umepotea njia."

Ilikuwa supu ya boga, nzito, rangi ya tofali la kuchoma. Ndani yake alikuwa amechambua samaki wa kukaushwa kwa moshi, vipande vidogo vidogo, na chini kabisa kulikuwa na vitunguu alivyoviacha viungue kidogo makusudi, ili utamu wa boga upate wa kubishana naye. Mwishoni akakamua limau, akaweka juu kipande cha mkate kilichobabuliwa kwenye wavu wa waya. Shangazi alionja kijiko cha kwanza, kisha cha pili. Alikula bakuli zima kimya, akasogeza bakuli mbele lijazwe tena.

"Mbona kimya?" mpishi akauliza. "Haina chumvi?"

"Mama, usinisemeshe. Ninakula."

Mpishi alicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe nimekupenda. Watu wa hapa wanakula huku wanaongea mpira tu. Leo ndiyo kabisa, mji mzima uko kiwanjani. Mimi siendi, moyo wangu hauwezi. Jioni utakuwepo?"

"Nikimaliza kazi nitapita."

"Kazi gani siku ya leo?"

"Ya kukimbiakimbia."

"Basi nakuwekea. Na mimi nikisema nimeweka, nimeweka. Hata aje meneja wa kiwanda, hapati."

Shangazi akaondoka amejaa na amefurahi, jambo ambalo kwake lilikuwa geni kidogo.

Furaha hiyo haikuvuka hata mlango wa kiwanja. Pale alimkuta katibu wa chama cha mpira, bwana mmoja wa suti na viatu vya kung'aa, anayetembea na leso nyeupe kwa ajili ya vumbi. Alikuwa amekaa chini ya turubai pamoja na wakubwa wa kiwanda. Akamwita pembeni.

"Dada yangu, leo ni siku ya furaha. Tusiiharibu."

"Furaha ya nani?"

Katibu akacheka, akampigapiga begani kwa leso. Shangazi anasema pale pale damu ilianza kumchemka, na filimbi ya kwanza aliipiga kwa nguvu hadi masikio yake mwenyewe yakaziba.

Mpira ulikuwa mbaya. Watu wa kiwanda walikuwa wanataka sare tu, wakaubutua mpira kila walipoupata, wakaanguka na kushika magoti kila upepo ulipovuma. Wageni walikuwa vijana wembamba, hawakuwa wakigombea chochote, lakini walikuwa na mshambuliaji mmoja mfupi mwenye mbio. Hakuna aliyefunga. Mechi ilipokuwa inaelekea ukingoni, na ngoma zimeshaanza kupigwa, yule mfupi akaponyoka katikati ya mabeki wawili akabaki yeye na kipa. Kipa, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa, akatoka golini kwa kasi. Mpira akaukosa. Miguu ya mwenzake hakuikosa. Shangazi alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akasikia mlio wa mguu kwa mguu kabla hajaona mtu akiruka hewani.

Chini ya turubai katibu alikuwa amesimama, anapunga leso: hapana, hapana, hapana.

Shangazi akapiga filimbi, akaonyesha kidole kwenye alama ya penalti. Halafu akachomoa kadi nyekundu.

Wachezaji wa kiwanda walimzunguka wakimpigia kelele usoni, mate yakimrukia. Lakini kipa mwenyewe alivua glovu zake, akampa mwenzake, akatoka akiangalia chini. Hilo Shangazi aliliona, na lilimkaa.

Penalti ikaingia. Mpira ukaanza katikati, ukachezwa kidogo, akapuliza filimbi ya mwisho. Hapo ndipo anga ilipojaa chupa.

Alikimbilia kwenye chumba kidogo cha stoo chini ya jukwaa, kilichojaa chokaa ya kuchorea mistari na vijiti vya kona, akajifungia. Washika vibendera wake walikuwa wameshatangulia kwenye gari la chama. Nje watu walikuwa wanagonga mabati. Baada ya muda mlango ukagongwa kistaarabu, Shangazi akafungua, katibu akaingia, leso mkononi, jasho likimtiririka.

"Sikiliza, dada yangu. Hawa watu wameumia. Ninachotaka ni kitu kidogo tu. Nitoke niwaambie umekiri kwamba ulikosea. Jua lilikupiga machoni. Mechi itarudiwa, watu watatulia, na sisi tutaondoka salama."

"Jua lilikuwa mgongoni kwangu."

"Nani atauliza jua lilikuwa wapi?"

"Mimi."

"Mama, usiwe mgumu."

"Dada imeisha, sasa ni mama? Sikukosea. Alimkata miguu, na wewe umeona, ndiyo maana ulipunga kitambaa chako kabla hata sijapuliza."

Katibu akakunja leso vizuri, akaiweka mfukoni. "Basi kaa na ukweli wako. Naenda kuleta askari."

Shangazi akasubiri askari. Alichosikia ni gari likiwashwa, likirudi nyuma, likiondoka. Katibu alikuwa ameondoka na washika vibendera, amemwacha kwenye mataa, mwanamke mmoja ndani ya stoo na mji mzima nje.

Akisimulia hapa huwa anasimama. Anasema hakuogopa. Hofu ilijaribu kuingia ikakuta hakuna nafasi. Alikagua chumba. Dirisha la nyuma lilikuwa na nondo, na alipozitazama zile nondo kwa karibu alikasirika upya, safari hii alimkasirikia fundi. Zilikuwa zimeshikizwa kwa madoa madoa kana kwamba mtu amekitemea chuma mate. "Mtu amelipwa kwa kazi ile!" huwa anafoka, miaka yote hii. Akachukua kijiti cha kona cha chuma, akakichomeka, akakandamiza kwa uzito wake wote. Nondo ziling'oka kama jino bovu.

Akavaa sweta juu ya jezi nyeusi, akajifunga kitambaa kichwani, akapita uani kwa watu, nyuma ya vyoo na chini ya nguo zilizoanikwa, mpaka stendi. Basi la mwisho lilikuwa linajaza abiria. Kondakta alimtazama viatu, akamtazama usoni.

"Huyu hapandi. Wakituona naye watatuvunjia vioo."

"Nina tiketi ya kurudi."

"Basi kaa nayo."

Basi likaondoka. Muuza maandazi akafunika beseni lake alipomwona. Mwenye duka akashusha mlango wa bati. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichoma mahindi alimwambia bila kumtazama kwamba mahindi yote yana wenyewe. Jua lilikuwa linazama nyuma ya bomba la kiwanda, na Shangazi amesimama katikati ya stendi tupu, midomo imemkauka kwa vumbi, na ana njaa ya mtu aliyekimbia mchana kutwa. Hakukumbuka kwamba kuna mahali pa kujificha. Alichokumbuka ni kwamba kuna mtu alimwahidi bakuli. Akaenda kulidai.

Mpishi alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono kichwani, macho mekundu. Habari ya mpira ilikuwa imeshamfikia. Aliinua uso, akaona mgeni wake wa asubuhi, akataka kutabasamu. Ndipo sweta lilipofunguka kidogo, jezi nyeusi ikaonekana, na filimbi ikining'inia.

"Wewe!" Akasimama, benchi likaanguka. "Kumbe ni wewe! Umekula kwangu, umeshiba, ukaenda kumtoa mwanangu!"

"Mwanao yupi?"

"Kipa! Kipa ni mwanangu! Nimemlea peke yangu kwa chungu hiki hiki! Leo alikuwa apande gari, mji mzima umbebe, na wewe umemfukuza kama mwizi!"

Hapo mtu mwingine angetafuta maneno laini. Shangazi hana. "Mwanao alimkata mwenzake miguu!"

"Muongo!"

"Nilikuwa pale! Nilisikia mfupa! Ulitaka nifanye nini, nimpigie makofi?"

"Ungejifanya hukuona! Marefa wangapi wanajifanya hawakuona!"

"Nenda kawapikie hao!"

Mpishi akageuka, akainama chini ya meza, akatoa bakuli lililofunikwa kwa sahani na kuzungushiwa kitambaa ili lisipoe. Akalibwaga mezani, supu ikamwagika pembeni.

"Niliahidi, sikujua naahidi nini. Kaa. Kula. Ukimaliza nisikuone tena maisha yangu yote."

Shangazi akakaa. Akala. Na muda wote alipokuwa akila, mpishi alisimama mbele yake anamtukana, kwa mpangilio, akianza na filimbi, akaja kwenye miguu yake, akafika kwenye ukoo wetu wote uliomruhusu mtoto wa kike kushika kazi ile. Shangazi anasema ingekuwa supu nyingine angejibu.

Wanaume walifika wakati bado kuna kidogo kwenye bakuli. Walikuwa kundi, wamelewa huzuni na pombe, mmoja na fimbo. "Tumeambiwa yuko hapa. Mama, mtoe. Amemharibia hata mwanao."

Mpishi akasimama mlangoni. Mwili wake uliujaza mlango ule, na mkononi alikuwa na upawa unaodondosha supu ya moto.

"Anakula," akasema.

"Mama, huyu ni—"

"Namjua ni nani! Nimemtukana mimi, na nilikuwa sijamaliza! Lakini bakuli langu liko mbele yake. Anayetaka kumgusa mtu anayekula kwangu, aje kwanza apokee hii ya moto usoni. Njoo wewe mwenye fimbo. Mama yako nimemuuguza, na leo unanijia na fimbo mlangoni kwangu!"

Wakarudi nyuma. Walikuwa bado wanajadiliana nje, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie, kipa mwenyewe alipotokea katikati yao na begi lake begani. Akaingia, akamwona refa, akasimama.

"Haya, mwambie!" mama yake akasema. "Mwambie mbele yangu kwamba hukumgusa yule mtoto!"

Kijana akaweka begi chini. Alikuwa mrefu, ikabidi ainame chini ya paa la kibanda. "Mama, nilimgonga."

"Nini?"

"Mpira ulishanipita. Nikaona tumekwisha. Nikamgonga."

Mpishi akamtazama, akamtazama refa, akautazama upawa. Halafu alimchapa mwanawe nao begani, supu ikaruka mpaka ukutani. "Na umeniacha nimtukane mgeni mpaka sauti inakauka!"

"Sikujua yuko hapa, mama!"

"Nyamaza!" Akamgeukia Shangazi. "Na wewe usifikiri yamekwisha. Bado nimekukasirikia."

"Na mimi pia," akasema Shangazi. "Kuna mkate?"

Wale wanaume wa nje walitawanyika mmoja mmoja, naye akalala kwao. Asubuhi kipa alimsindikiza hadi nje ya mji, akasimamisha lori la saruji, akamwambia dereva ni shangazi yake. Akafika nyumbani mweupe kama mzuka.

Siku chache baadaye Shangazi alikuwa karakanani na baba, redio imewashwa, wakasikia msomaji wa habari za michezo akisema kwamba mwamuzi wa mechi ya timu ya kiwanda amekiri kukosea kwa sababu ya jua, na kwamba kamati inakaa kuamua kama mechi irudiwe. Baba anasema dada yake alizima mashine taratibu, akavua glovu taratibu, na hilo ndilo lililomwogopesha.

Kwenye kikao cha kamati aliingia na ovaroli yake. Chumba kilikuwa na viti vya plastiki, feni isiyozunguka, na chupa za maji kwa wajumbe tu. Katibu alikuwa meza kuu. Alieleza kwa sauti ya huzuni jinsi mwamuzi alivyomwambia, ndani ya stoo, machozi yakimtoka, kwamba jua lilimpiga.

"Machozi?" Shangazi akasimama. "Mimi nilie mbele yako? Wewe uliyeniacha ndani ya stoo ukakimbia na gari?"

"Utapewa nafasi yako, mama."

"Nafasi yangu nimeshasimama juu yake!"

Wakamkalisha. Wakamwita kipa, ambaye uongozi wa timu ulimleta kwa gari la kiwanda na kumnunulia shati jipya. Mwenyekiti wa timu alikuwa amekaa nyuma yake, anatabasamu. Katibu akauliza kwa upole: "Kijana wetu, tueleze. Ulimgusa mchezaji yule?"

Kipa aliangalia mikono yake. "Nilimgonga. Penalti ilikuwa halali."

Katibu akauliza tena, polepole, kama anamsaidia mtu aliyesahau. Kipa akajibu vilevile. Basi wajumbe wakatoka nje, wakanywa chai, wakarudi. Wakaamua mechi irudiwe, kwa maslahi ya mpira. Na mwamuzi afungiwe, kwa utovu wa nidhamu ndani ya kikao.

Shangazi alimtolea katibu uvivu mpaka askari wa mlangoni akaingia. Sitayaandika yote. La mwisho alilomwambia ni kwamba hata angekalia kiti kile mpaka kiote mizizi, penalti ile imeshapigwa na imeshaingia, na hakuna kamati ya kuitoa wavuni.

Nje, gari la kiwanda lilikuwa limeshaondoka bila kipa. Alisimama pale, shati jipya limemlowa mgongoni. Wakaanza kutembea kuelekea stendi, kila mmoja na hasira yake. Walipita kwa mtu aliyekuwa akikaanga maini kando ya ukuta wa posta, kwenye kikaango kipana, na vitunguu vingi na pilipili hoho, anayamwagia siki dakika ya mwisho mpaka moshi mkali unawatoa watu machozi. Walisimama bila kushauriana. Akawapa kwenye karatasi, na mkate.

"Wamekwisha na mimi," kipa akasema, mdomo umejaa. "Hata kazi ya kiwandani watanitoa."

"Watakutoa," Shangazi akakubali. Hajui kubembeleza.

Wakala. Kisha kijana akasema, "Lakini ile kadi ilikuwa kubwa mno. Njano ingetosha."

"Nyekundu."

"Yule alikuwa anakwenda pembeni! Haelekei goli!"

"Anakwenda pembeni wapi? Wewe ulikuwa umelala chini, umeona nini? Nyekundu!"

Walibishana mpaka muuza maini akawaomba wasogee, wanafukuza wateja.

Mechi ilirudiwa, timu ya kiwanda ikashinda, gari likazungushwa mjini. Kipa hakuwemo. Alihamishiwa kupakia mifuko ya saruji, akavumilia kidogo, akaacha, akaenda kudakia timu ile ile ya vijana wembamba iliyowafunga kwa penalti ile. Mama yake alifunga kibanda, akahamisha chungu chake kwenda kwenye mji wa mwanawe, na Shangazi humwendea kila akipata nafasi. Husalimiana kwa kugombana. Kuhusu siku ile kila mmoja bado anamdai mwenzake samahani, na hakuna anayetoa.

Shangazi hakurudishwa kwenye ligi ile. Siku hizi anachezesha mechi za shule na za wanawake, mbali zaidi, kwenye viwanja vibovu zaidi, na bado anatuletea habari za vyakula. Katibu ni katibu bado.

Mwaka jana alikuja karakanani. Hakujua ni kwa nani, alielekezwa tu kwamba hapa kuna mafundi wazuri. Alikuwa anajenga nyumba, anataka geti kubwa la nakshi. Baba akafurahi, akaanza kumwonyesha michoro. Shangazi alikuwa ameinama kwenye kona anachomelea. Akainua barakoa.

Katibu alitoa macho, kisha akatafuta tabasamu. "Ah, dada yangu! Kumbe! Yale yalishapita, bwana. Mpira ndivyo ulivyo."

"Hayajapita," Shangazi akasema. "Yamesimama hapa, yameshika mashine ya kuchomelea. Mageti tunatengeneza. Lako hatutengenezi."

"Dada," baba akanong'ona, "huyo ni mteja. Geti la milango miwili!"

"Mwache akatafute yule aliyeweka nondo za stoo kule kiwanjani. Wanafaana."

Katibu akarudi kwenye gari lake. Shangazi akashusha barakoa, cheche zikaanza kuruka tena. Baba alinuna, akakunja michoro yake, akawa ananung'unika kuhusu geti la milango miwili mpaka tulipofunga karakana.